Tremolo ya Stereo: Uliza Kwanza Waya wa Pili Unakwenda Wapi

Pedali ya tremolo ya stereo ina soketi mbili za kutolea sauti, na kwenye ile ya pili ndiko fedha za watu wengi zinakopotelea. Mpiga gitaa anaijaribu dukani kwa hedifoni, anasikia sauti ikihama kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia na kurudi, roho inamsuuzika, analipa. Jumamosi anaifikisha ukumbini. Fundi mitambo anapokea zile nyaya mbili, anazichomeka kwenye chaneli mbili za miksa, zote anaziacha katikati. Bendi inaanza, taa ya pedali inawaka, na gitaa linatoka limenyooka utadhani hakuna kilichowashwa. Pedali si mbovu. Sauti mbili zilizotengenezwa ili zipishane zimekutanishwa mahali pamoja, zikafutana.

Ndiyo maana swali la pedali ipi ni nzuri ni la baadaye. La kwanza ni hilo la waya wa pili. Mwenye jibu anaweza kununua hata pedali ya bei ya kawaida na ikampa raha. Asiye na jibu atanunua ya bei ya pikipiki kuukuu na itamfanyia kazi ya pedali ya mono.

Kinachofanyika ndani ya kile kiboksi

Tremolo hupandisha na kushusha ukubwa wa sauti, basi. Noti yenyewe haipindi. Kinachopinda noti ni vibrato, na hapa uwe macho unapotafuta vifaa vilivyotumika, maana kampuni ya Fender iliyapindua majina haya tangu miaka ya 1950: ule mkono wa chuma wa gitaa la Stratocaster, ambao kazi yake ni kupinda noti, waliuita tremolo, na kwenye ampu zao nyingi tremolo halisi wakaiandika Vibrato. Ukikuta ampu ya Fender ya zamani yenye chaneli ya Vibrato na nobu za Speed na Intensity, hiyo ni tremolo.

Kifaa hiki ni cha zamani kuliko tunavyodhani. Miaka ya 1940 kampuni ya DeArmond ya Marekani iliuza boksi lenye mota ndogo iliyotikisa kichupa cha kimiminika kinachopitisha umeme. Kila kimiminika kilipopanda na kushuka, sehemu ya sauti ya gitaa ilipotea na kurudi. Mpiga gitaa Bo Diddley alilitumia boksi hilo, na ule mdundo wake uliotikisa Marekani katikati ya miaka ya 1950 una mtikisiko wake ndani. Mwaka 1955 Fender wakatoa ampu ya Tremolux, yenye tremolo ndani yake. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 walikuwa wamepitia njia kadhaa tofauti, na njia hizo ndizo pedali za leo zinaziiga.

Ya kwanza huchezea umeme unaoendesha valvu za mwisho za ampu. Mtikisiko wake ni laini, wa mviringo, unaokuja kama pumzi. Ya pili hutumia kitaa kidogo kinachomulika kipande kinachobadili ukinzani wake kwa mwanga. Hiyo ina makali kidogo, sauti inashuka kwa ghafla kuliko inavyotarajiwa. Ya tatu, waliyoiweka kwenye ampu zao za rangi ya kahawia mwanzoni mwa miaka ya 1960, huigawa sauti mara mbili, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, kisha huzipandisha kwa zamu. Haikati kabisa, hupeperusha. Pedali ya Strymon Flint, kwa mfano, huziita aina hizi tatu kwa miaka yake: 1961 ni ile ya kugawa sauti, 1963 ni ya valvu, 1965 ni ya mwanga. Muuzaji akikutajia miaka hiyo, sasa unajua anazungumzia nini.

Stereo ilizoeleka zaidi kupitia kinanda kuliko gitaa. Kinanda cha umeme cha Rhodes, aina iliyoitwa Suitcase, kilikuwa na spika zake chini, na umeme wake ulirusha sauti kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ule mtetemo mtamu wa kinanda unaousikia kwenye nyimbo nyingi za soul na jazi za miaka ya 1970 ndio huo. Pale nako waliandika Vibrato. Pedali ya stereo inakupa kitu hicho hicho kwa gitaa: upande wa kushoto ukipanda, wa kulia unashuka.

Kwa nini hufutana

Fikiria mizani ya duka yenye sahani mbili. Ukihamisha sukari kutoka sahani hii kwenda ile, kila sahani inapanda na kushuka, lakini jumla ya sukari iliyo juu ya meza haibadiliki. Stereo ya kuhama ndiyo hiyo. Kushoto kukiwa na asilimia 80 ya sauti, kulia kuna 20. Kushoto kukishuka hadi 30, kulia kunapanda hadi 70. Ukizijumlisha kwenye spika moja unapata 100, na 100, na 100 tena. Tremolo imekwenda.

Kuna pedali ambazo hesabu yake imepangwa ili sauti isipungue inapopita katikati. Hizo, zikijumlishwa, huacha mtikisiko mdogo wenye kasi mara mbili ya ile uliyoiweka. Usishangae ukiusikia, na usiutegemee.

Ubovu huu, kama tunataka kuuita ubovu, una dawa. Pedali kadhaa za stereo zilizotengenezwa vizuri hukuruhusu kuchagua pande mbili zipishane kwa kiasi gani. Zikienda pamoja kabisa, una tremolo ya mono inayotoka pande mbili. Zikipishana nusu mzunguko, yaani digrii 180, una sauti inayohama, na hatari niliyoieleza. Lakini zikipishana robo mzunguko, digrii 90, unapata kitu cha katikati: kwenye stereo sauti inazunguka ukumbini bila kukatika upande wowote kwa ukali, na ikijumlishwa kuwa mono, kwa wimbi la mviringo, bado kunabaki karibu asilimia 70 ya kina ulichoweka. Kwa mtu anayepiga leo ukumbi huu na kesho ule, hilo ndilo jambo moja ambalo ningelilipia zaidi kuliko jina la kampuni. Likikosekana, hakikisha angalau kuna swichi ya kutoka kuhama kwenda tremolo ya kawaida. Boss waliwahi kuiweka kwenye PN-2 yao ya miaka ya 1990, ambayo haitengenezwi tena lakini huonekana kwenye soko la vitu vilivyotumika. Ndugu yake anayejulikana zaidi, TR-2, ni mono. Usiichukue ukidhani ni ile ile.

Soma pia maelezo kwa jicho kali. Soketi mbili za kutolea hazimaanishi kwamba sauti itahama. Zipo pedali ambazo hutoa kitu kile kile kushoto na kulia, na nyingine ambazo stereo yake iko kwenye rivabu tu.

Unapiga wapi?

Kama unarekodi nyumbani tu, usinunue. Programu za kurekodia zina tremolo ndani yake. Ableton Live ina Auto Pan, Logic ina Tremolo, na zote mbili hukuruhusu kuweka huo mpishano wa pande mbili kwa digrii unayotaka. Rekodi gitaa kavu kwenye chaneli moja, kisha weka tremolo baadaye, ukiwa na uhuru wa kubadili kasi hata baada ya mpiga gitaa kwenda zake. Fedha zako zitafaa zaidi kwenye maikrofoni.

Kama unapiga kwenye kumbi za kawaida, kanisani, au kwenye harusi, kaa ukijua kwamba mitambo mingi huko ni mono. Spika zimesimama kushoto na kulia, lakini zinatoa kitu kimoja. Hata pale ambapo miksa ni ya stereo, fundi mara nyingi huziacha chaneli katikati ili aliyeketi pembeni asikose chochote, na ana haki. Kwako wewe pedali ya mono inatosha, au ya stereo uliyozoea kuitumia kwa soketi moja. Pedali nyingi zikichomekwa jeki moja tu kwenye soketi iliyoandikwa Mono au L hujirudisha zenyewe kuwa mono. Zingatia neno moja tu: jeki ikibaki imechomekwa kwenye soketi ya pili, hata kama upande wa pili wa waya huo haujaunganishwa na kitu, pedali bado itajiona iko kwenye stereo. Ichomoe kabisa.

Anayefaidi stereo ni mwenye ampu mbili, au mwenye ampu moja yenye njia mbili kamili kama Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975 na ambayo bado inapatikana kwenye studio na kumbi nyingi duniani. Ndani yake kuna vikuza sauti viwili vya wati 60, kila kimoja na spika yake ya inchi 12. Matoleo yake ya sasa yana soketi mbili za kurudishia sauti kutoka kwenye pedali. Lakini spika zake ziko sentimita chache tu moja kutoka kwa nyingine. Aliye jukwaani karibu nayo atasikia mwendo. Aliye meza ya nyuma atasikia tremolo laini, si zaidi.

Nobu nne

Kasi, kina, umbo la wimbi na ukubwa wa sauti. Pedali ikikosa ya nne, irudishe. Kina kikijaa, sauti hutumia muda mwingi ikiwa chini, na sikio huichukulia kwamba gitaa limepungua. Malalamiko ya zamani ya wapiga tremolo ni hayo: ukikanyaga pedali unapotea nyuma ya ngoma. Nobu ya ukubwa hukurudishia kilichopotea. Jambo la kupendeza ni kwamba kwenye stereo ya kweli, yenye ampu mbili zinazopokezana, upungufu huo karibu hausikiki, kwa sababu ile ile ya mizani.

Umbo la wimbi ndilo linaloamua tabia. Wimbi la mviringo hupanda na kushuka taratibu, linafaa karibu kila mahali. La pembetatu linakaribiana nalo, lina ukali kidogo kileleni. La mraba hukata: ipo, haipo, ipo, haipo. La msumeno hupanda taratibu kisha linaanguka ghafla, au kinyume chake, na kinyume hicho huifanya noti iliyoshikiliwa isikike kana kwamba unaipiga upya kila mara. Kwa kazi nyingi za bendi, wimbi la mviringo na kina cha nusu vinakutosha. Wimbi la mraba kwenye stereo, kina kikiwa kimejaa, huwachosha wasikilizaji haraka. Liweke kwa sehemu moja ya wimbo mmoja, watu walikumbuke.

Kasi na mapigo

Chukua mapigo ya wimbo kwa dakika, gawanya kwa 60, unapata hezi. Wimbo wa mapigo 90 unakupa 1.5: mzunguko mmoja kwa kila pigo. Mizunguko miwili kwa pigo ni hezi 3, mitatu ni 4.5, minne ni 6.

Kwenye stereo kuna mtego hapa. Mzunguko mmoja wa sauti inayohama una vilele viwili vinavyosikika, cha kushoto na cha kulia. Kwa hiyo ule wimbo wa mapigo 90, pedali ikiwa kwenye 1.5 tu, kushoto kutapiga juu ya pigo na kulia kutapiga katikati ya mapigo mawili. Sikio litahesabu 3. Waliozoea mono huweka 3, kisha wanalalamika kwamba pedali inakimbia. Kwa stereo ya kuhama, anza na nusu ya kasi uliyoizoea.

Halafu fikiria wanaocheza. Ukumbi ukiwa na stereo kamili na kina kikiwa kimejaa, aliye mbele ya spika ya kushoto anasikia gitaa lako juu ya pigo, na aliye mbele ya spika ya kulia anasikia gitaa lile lile likiwa nje ya pigo. Watu wawili wanacheza nyimbo mbili. Punguza kina mpaka kila upande ubaki na gitaa muda wote, na upande wa pili uwe unaliongezea tu uzito. Nusu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kubofya mapigo kwa mguu, kwenye pedali zenye kitufe hicho, ni msaada mkubwa, lakini mpiga ngoma wa kweli si saa. Ataongeza mwendo kidogo kwenye kiitikio, na pedali itabaki ilipo. Ukitumia wimbi la mraba utaumbuka ndani ya mistari michache. Bofya upya mwanzo wa kila ubeti, na jaribu kama pedali yako huanza wimbi upya pale unapobofya au huendelea na lililokuwepo. Njia rahisi ni kutofuata mapigo kabisa: wimbi la mviringo, hezi 5 hivi, kina kidogo. Hapo tremolo inakuwa mng'aro juu ya sauti, na hakuna atakayekuuliza kuhusu pigo.

Anayetaka kujua shida ya kulinganisha mapigo ilivyokuwa kabla ya vifaa vya leo asikilize "How Soon Is Now?" ya The Smiths, ya mwaka 1984. Ule ukuta wa gitaa unaotetemeka ulitoka kwenye ampu nne za Fender Twin Reverb. Mpiga gitaa wao Johnny Marr na prodyuza John Porter waligawana ampu hizo, wakawa wanazungusha nobu za kasi kwa mkono ili zote ziende sawa na wimbo. Zikiachana, wanasimamisha mkanda, wanarudia. Wakawa wanarekodi vipande vya sekunde kama kumi kumi. Leo kazi hiyo inafanywa na pedali moja yenye kitufe cha kubofya.

Kwa wapigaji wa dansi na rumba nina neno. Mahali magitaa matatu yanaposukana, solo, mi-solo na rithimu, utamu uko kwenye noti fupi zinazojibizana, na kila noti ina nafasi yake. Tremolo hula noti. Ikishuka pale mi-solo ilipotakiwa kusikika, msuko umefumuka na hakuna atakayejua kwa nini wimbo umelegea. Itumie kwenye beti za mwanzo, rithimu inapotawanya kodi polepole na mwimbaji yuko peke yake mbele. Sebene likianza, mguu wako uwe tayari umeizima.

Mahali pake kwenye mnyororo

Distosheni na ovadraivu zitangulie, tremolo ifuate. Ukizipindua, ovadraivu itazibana tofauti za ukubwa, na badala ya sauti kupanda na kushuka utasikia ukwaruzo ukiongezeka na kupungua. Wapo wanaoupenda huo, lakini uuchague kwa kujua.

Rivabu ina pande mbili za kufikiria. Tremolo ikiwa mbele ya rivabu, mwangwi hujaza mapengo na kila kitu kinalainika. Rivabu ikiwa mbele ya tremolo, hata mwangwi unakatwa, na hivyo ndivyo ampu za Fender za katikati ya miaka ya 1960 zilivyoungwa ndani. Ukitafuta sauti ile ya kale, weka rivabu kwanza. Lililo la lazima kwenye stereo ni kwamba kila kilicho baada ya tremolo kiwe cha stereo pia, kuingia na kutoka. Pedali moja tu ya mono ikikaa baada yake, ama umejumlisha pande mbili, ama umeutupa mmoja.

Ampu mbili

Ziweke mbali kiasi, mita mbili au tatu kama jukwaa linaruhusu. Zima tremolo kwanza. Simama katikati, piga kodi ile ile, sawazisha ukubwa wa ampu mpaka sauti ionekane inatoka mahali palipo wazi kati yake. Ukiruka hatua hii, sauti itahama kwa kuchechemea, upande mmoja mzito na mwingine mwepesi, na utailaumu pedali bure.

Bado tremolo ikiwa imezimwa, piga waya mnene wa juu ukiwa wazi, kisha zima ampu moja. Sauti ya besi ikiongezeka baada ya kuzima, ampu zako zinapingana: moja inasukuma spika mbele wakati nyingine inaivuta nyuma. Fundi ageuze nyaya mbili za spika za ampu moja, au tumia kisanduku chenye swichi ya kugeuza mwelekeo wa wimbi kwenye waya unaokwenda ampu hiyo.

Mngurumo ni suala lingine. Ampu mbili zilizounganishwa kwa pedali moja zina njia mbili za kwenda ardhini, na umeme wetu wa hezi 50 huzunguka humo ukatoa ule mlio mnene usiokatika. Anza kwa kuchomeka ampu zote mbili kwenye ekstensheni moja. Mngurumo ukibaki, weka transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti unaokwenda ampu moja. Kukata pini ya ethi kwenye plagi huondoa mngurumo pia, na kumeua wapiga gitaa. Usiikate, na asiyekubali kusikia hilo usimwachie ampu yako.

Adapta: pedali nyingi hutaka volti 9, pini ya katikati ikiwa hasi, na zile za kidijitali hula miliampea nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo soma namba iliyoandikwa chini ya pedali, siyo ya adapta tu. Kama adapta imeletwa na ndugu kutoka Marekani, igeuze uisome kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, soketi zetu zitaichoma.

Dukani

Nenda na gitaa lako na nyaya mbili. Omba ampu mbili, au hedifoni yenye miksa ndogo. Weka kina kimejaa, kasi ya chini kabisa, piga kodi moja uiache ife yenyewe. Sikiliza kama upande unaoshuka unafika kimya au unaacha mabaki, na kama pande mbili zinalingana. Halafu funga sauti ya gitaa kabisa, fungua ampu, ongeza kasi. Ukisikia "tik, tik, tik" ukifuata kasi ya pedali, mashine inayoendesha wimbi inavuja kwenye sauti. Badilisha adapta kwanza, maana mara nyingi kosa liko kwenye umeme uliogawanywa kwa pedali nyingi. Mlio ukibaki hata pedali ikiwa na adapta yake peke yake, iache hapo hapo mezani.

Mwisho zijumlishe pande mbili kuwa mono, kwenye miksa, na usikilize kinachobaki. Jaribu hilo kwa kila kiasi cha mpishano ambacho pedali inacho. Usiondoke dukani bila kulifanya.

Ukifika ukumbini, usisubiri fundi mitambo aulize. Mfuate wakati wa kupima vyombo, mwambie gitaa lako linatoka chaneli mbili, moja ipelekwe kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, ekwalaiza zake ziwe sawa, na ukubwa wake usiguswe mmoja bila mwingine. Akikujibu kwamba mitambo yake ni mono, usibishane naye. Chomoa waya wa kulia, umpe mmoja, upige.